Ukifiwa na kichanga, mwanasaikolojia anakufanyia nini hasa?

Kuna swali limekuwa likizunguka sana kwenye magrupu ya akina mama huku Moshi na Arusha, na nadhani linazunguka kwa sababu watu wameanza kuongelea wazi habari za kupoteza vichanga, zamani hayo yalikuwa yanaishia chumbani na mama mkwe. Swali ni hili: mtu amefiwa na mtoto wa siku mbili, au amejifungua mtoto ambaye hakulia kabisa, halafu wakati wa kuruhusiwa nesi anamwambia "dada, itabidi uonane na mwanasaikolojia". Sasa huyo mwanasaikolojia anaenda kumfanyia nini? Wapo wanaojibu kwamba utapewa vidonge vya kulala. Wengine wanasema utaambiwa usahau uangalie mbele. Wengine wanasema hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna Mungu na tuna ndugu. Na dada mmoja aliandika kwamba yeye alikataa kwenda kwa sababu aliogopa watamtoa mtoto wake moyoni, wakati huko moyoni ndo mahali pekee alipobaki naye.

Hilo jibu la mwisho limenikaa sana, maana tiba yenyewe inafanya kinyume chake kabisa, na kama mtu anaikimbia kwa hofu hiyo basi kuna mahali haijaelezwa vizuri. Ngoja nijaribu, taratibu, kuanzia mwanzo.

Kwanza tujue tunaongelea nini

Mimba ikitoka mapema tunasema imeharibika. Mtoto akifia tumboni au wakati wa kuzaliwa, mimba ikiwa imefika wiki 28 na kuendelea, Shirika la Afya Duniani, WHO, linamhesabu kama mtoto aliyezaliwa mfu, ingawa zipo nchi zinaanza kuhesabu mapema zaidi ya hapo. Akizaliwa hai akafariki ndani ya siku 28 za kwanza hicho ni kifo cha mtoto mchanga. Mipaka hiyo ni ya kuhesabia takwimu, mzazi haumii kwa kufuata wiki, kwa hiyo aliyepoteza mimba ya miezi minne asiambiwe kwamba ya kwake ni ndogo.

Na sio jambo la watu wachache. Duniani kila mwaka watoto karibu milioni 2 wanazaliwa wakiwa wameshafariki, na zaidi ya asilimia 40 ya hao wanafariki uchungu ukiwa umeshaanza. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hawamalizi mwezi wa kwanza. Ukikaa ibada ya kwanza Jumapili, au kwenye foleni ya kliniki, jirani yako kwenye benchi anaweza kuwa mmoja wa hao wazazi na huwezi kumjua, maana hakuna matanga yaliyokaa, hakuna picha ukutani, kichanga kimezikwa kimyakimya mgombani na watu watano.

Sasa kuna mambo ambayo tunayaweka kapu moja wakati hayafanani. Majonzi sio ugonjwa. Unalia, hulali, chakula hakina ladha, usiku unasikia mtoto analia, unahisi teke wakati tumbo ni tupu, mikono inauma kabisa kwa hamu ya kubeba. Hayo yote yanawapata watu wenye akili zao timamu, yanatisha tu kwa sababu hakuna aliyekuambia mapema. Na majonzi yanakuja yanaondoka, asubuhi umelia, saa nne unacheka na wifi yako kwa kitu cha kipuuzi, halafu unajilaumu kwamba umecheka.

Sonona ni kitu kingine. Hapo ni siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hakuna kinachokugusa, unajiona huna thamani, unaona hata ukifa ni sawa tu. Halafu kuna kiwewe, ambapo ile siku inakurudia kama vile inatokea sasa hivi, unasikia harufu ya dawa ya kusafishia wodi mahali popote na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu kwa wakati mmoja, na ndo maana mtaalamu anauliza maswali mengi mwanzoni kabla hajafanya chochote, sio kwamba anapoteza muda, anatafuta anashughulika na kipi.

Na yapo majonzi yaliyogoma. Orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyatambua rasmi, kwamba kama imepita miezi 6 au zaidi na mtu bado anaumia kwa ukali uleule kila siku kiasi kwamba maisha yamesimama, na ukali wenyewe unazidi kile ambacho mila na dini yake vinategemea, basi anahitaji tiba. Wamarekani wao kwa mtu mzima wanasubiri miezi 12. Mimi napenda hicho kipengele cha mila, maana kinazuia mtu wa mbali kuja kutupimia muda wa kulia.

Maziwa

Hapa naomba tukae kidogo, maana hili linawavunja akina mama wengi na ni wachache wanaolisema. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa inazuia maziwa inashuka ghafla, na kati ya siku ya pili na ya nne matiti yanajaa. Mwili hauna habari kwamba mtoto hayupo. Yaani mmetoka kuzika Kibosho asubuhi, jioni blauzi imelowa. Mama mkwe naye anakuja na bakuli la mtori, ile supu ya ndizi ya kuongeza maziwa, kwa mapenzi yake yote, kwa sababu mzazi lazima anywe mtori, na huyu mama anaujua mtori unanyweshwa kwa ajili ya nini. Anashika bakuli linapoa mkononi. Hawezi kukataa na hawezi kunywa.

Kinachosaidia ni sidiria inayoshika vizuri (sio kufungwa kanga kwa nguvu kifuani, hiyo inaumiza na inaweza kuleta uvimbe), kitambaa cha maji baridi, dawa ya maumivu ya kawaida, na kukamua kidogo tu pale yanapozidi kuuma, ukikamua sana unauambia mwili utengeneze mengine. Ukiona homa au titi limekuwa jekundu lina moto rudi hospitali. Zipo dawa za kukausha maziwa lakini aamue daktari, maana hazimfai kila mtu, hasa aliyekuwa na presha ya mimba.

Kwa nini naleta maziwa kwenye habari za saikolojia? Kwa sababu mama aliyefiwa na kichanga ni mama mzazi, ametoka kujifungua, homoni zake zinapanda na kushuka kama za mwingine yeyote, na sonona ya baada ya kujifungua inampata hata kama hana mtoto wa kunyonyesha. Ila mwenye mtoto anarudi kliniki na kichanga chake na anaonwa mpaka zile siku 42, huyu mwenzake anaenda nyumbani na hakuna anayemwita tena. Mtaalamu anayejua kazi yake ataanza na hayo ya mwili: umelala saa ngapi, umekula nini leo, damu inatoka kiasi gani, maziwa yamekuja? Mama anashangaa, alijua anakuja kuulizwa mambo ya moyo, lakini mara nyingi mlango unafunguka hapohapo.

Mle chumbani kunaendaje

Tuseme kuna mama anakaa Majengo na mume wake ana gereji ya pikipiki Pasua, ni watu wa mfano tu ila mambo yao yapo kila mtaa. Mimba ya kwanza. Tangu tumbo lina miezi saba mtaa wote ulishaanza kumwita Mama Neema, muuza genge, fundi cherehani, wote. Neema akaishi saa tisa akafariki. Baada ya mazishi mtaa ukaacha kumwita, sio kwa ubaya, waliogopa kumtonesha, wakarudi kumwita kwa jina lake la usichana. Yeye akachukulia kwamba wamemfuta mtoto.

Siku ya kwanza wanakuta chumba cha kawaida, viti vitatu, meza, tishu. Inachukua dakika 45 au saa moja. Mtaalamu anawakaribisha, anawapa pole, anauliza "Mtoto mlimpa jina?" Baba anaangalia chini. Mama anasema Neema. "Kwa hiyo nikuite Mama Neema?" Hapo mama analia kilio ambacho hajalia tangu siku ya mazishi, na baba anaingilia kati, "Daktari tafadhali usimlize." Na yule mtaalamu anamwambia kwa upole, "Baba Neema, haya machozi yalikuwepo kabla sijauliza."

Kuanzia hapo kazi yenyewe ni ya hatua kwa hatua na haina siri. Wanasimulia kilichotokea, sio kwa kulazimishwa na sio yote siku moja, maana ilishaonekana kwamba kumkalisha mtu mara moja tu muda mfupi baada ya tukio na kumtaka amwage kila kitu hakumkingi na kiwewe na kunaweza hata kumuumiza. Wanasimulia kwa kipande, wanarudia, na kila wanaporudia yale mabaki yaliyokuwa yanawarukia usiku yanaanza kukaa kwenye mpangilio, kilianza hiki, kikafuata hiki, ikaisha hivi.

Ndani ya kusimulia hutokea lawama, na hapa ndo penye kazi kubwa. Mama anaamini ni ile bodaboda aliyopanda kutoka sokoni. Au aliinua ndoo. Au alimjibu vibaya shangazi ambaye macho yake hayaaminiki. Au alichelewa kwenda hospitali kwa sababu alisubiri mume arudi. Tiba ya fikra na tabia, ambayo ndo inatumika sana, haimwambii "usijilaumu" halafu basi, maana hayo ameshaambiwa na kila mtu na hayajashuka. Inachukua lile wazo inaliweka mezani: siku ile ulijua nini, ulikuwa na uwezo wa kufanya nini, daktari alisema chanzo ni nini? Mara nyingi inagundulika hajawahi kuelezwa. Kwa hiyo mtaalamu anawasaidia kupanga maswali na kurudi kwa daktari wakaelezwe kama ilikuwa presha ya mimba, kondo kuachia mapema, maambukizi, kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wakati mwingine chanzo hakijulikani, na hilo nalo linahitaji kusemwa wazi na mtu aliyevaa koti jeupe. Na kama kweli kulikuwa na uzembe wa wahudumu, hasira ya wazazi ni ya haki, mtaalamu hatakiwi kuizima, wana haki ya kuuliza na kulalamika.

Kitu kingine ni kukwepa. Mama Neema hapiti soko la Memorial kwa sababu ya mitumba ya watoto. Amebadilisha kanisa kwa sababu kuna ubatizo. Ile begi ya hospitali bado iko juu ya kabati imefungwa vilevile. Mwanzoni kukwepa kunasaidia, baadaye dunia inazidi kuwa ndogo mpaka inabaki kitanda. Wanatengeneza orodha pamoja kuanzia jambo jepesi kwenda zito, wiki hii unapita tu nje ya soko na dada yako mnarudi, wiki ijayo mnaingia, begi linakuja mwishoni huko, na anayeamua ni mama.

Marekani kuna daktari wa akili anaitwa Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia ambaye alitengeneza tiba maalumu ya majonzi yaliyogoma, ina sesheni 16, na utafiti wao wa 2005 ulionesha kwamba kati ya waliopata tiba hiyo asilimia 51 walipata nafuu, wakati kwa waliopata tiba nyingine nzuri ya mazungumzo walikuwa asilimia 28. Haikuwa kwa wafiwa wa vichanga peke yao lakini mbinu zake zinatumika huku pia. Mojawapo ni kwamba unafumba macho unaongea na marehemu, unamwambia ulichotaka kumwambia, halafu unajibu kama yeye. Kwa kichanga wengine wanaandika barua. Wengine wanatengeneza kaboksi, kofia ndogo, ile lebo ya mkononi ya wodini, picha ya simu. Sasa unaona, mtu aliyekuwa anaogopa kutolewa mtoto moyoni, humu anawekewa mahali rasmi pa kumweka.

Ukiniuliza tiba hii inafanana na nini, nitakuambia angalia akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi kutoka Marangu. Chini ya mkungu kuna ngata, ile kanga iliyosokotwa ikazungushwa kichwani. Ngata haipunguzi hata ndizi moja. Ila ukiitoa mama hafiki sokoni, shingo itamshinda njiani.

Yale tunayoambiana

"Majonzi yana hatua tano, ukimaliza ya tano umepona." Hii imesambaa sana kwenye stetasi. Hatua hizo zilitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, hakuwa anaongelea wazazi waliofiwa, na watu halisi hawaendi kwa foleni hiyo. Mtu anaweza kukubali Jumanne akawaka hasira Alhamisi na hajarudi nyuma popote.

"Mbebe mimba haraka, ndo dawa." Jamani. Mtoto mwingine ni mtoto mwingine. Mwili unahitaji kupumzika, na mama anayebeba mimba kukimbia majonzi anabeba na hofu juu yake. Muda gani wasubiri ni mazungumzo yao na daktari kulingana na alivyojifungua, kwa kisu au kawaida, na chanzo cha kifo, sio ya kikao cha ukoo.

"Asimwone mtoto, ataumia zaidi." Hapa hata wataalamu walibishana miaka mingi. Ushauri wa sasa ni kwamba wazazi waulizwe, waelezwe mtoto anaonekanaje, waamue wenyewe, wasilazimishwe kumshika na wasikatazwe. Huku kwetu mara nyingi shangazi anaamua akiwa korido na mama akizinduka kutoka kwenye nusu kaputi mtoto ameshazikwa. Nia ni njema ila yule mama anakaa miaka anajiuliza mtoto alifanana na nani. Kama hamjui atataka nini, angalau mpige picha mtunze, akiiomba baada ya mwaka iwepo.

"Apewe diazepam alale." WHO ilishaelekeza tangu 2013 kwamba dawa za kundi hilo zisitolewe kwa ajili ya majonzi ya kufiwa, zinazoeleka haraka na zinasogeza tu mbele kile kilio. Dawa za sonona ni habari tofauti, mtu akiwa na sonona kweli zinasaidia na daktari anaweza kuzichanganya na mazungumzo, na nyingine zinatumika hata na anayenyonyesha, kwa hiyo ukiandikiwa usikimbie, uliza.

"Ukienda kwa mwanasaikolojia huna imani." Huku kwetu hospitali nyingi ni za dini, KCMC yenyewe ina wachungaji wanaozunguka wodini, na hawaoni shida kumwita mwanasaikolojia wala yeye haoni shida kuwaita wao. Maombi yaendelee. Na kuhusu mambo ya wazungu, moja ya mifano inayosifiwa sana duniani imetoka Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda kuanzia 2006 aliwafundisha mabibi wa kawaida wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati wasikilize watu kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa 2016 ukaonesha waliokaa na hao mabibi walipungukiwa na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi na benchi, hapo kuna uzungu gani?

Na hii niiseme kwa sababu inasahaulika, sio kila mzazi aliyefiwa anahitaji tiba. WHO hawashauri kumpeleka kila mfiwa kwenye tiba maalumu kama hana dalili za ugonjwa. Wengi wanapona na ndugu, jumuiya, na muda. Wanachohitaji ni watu wasiokimbia. Mkienda kumwona, mpeni pole, kaeni, ulizeni jina la mtoto, osheni vyombo. "Kazi ya Mungu haina makosa" aiseme yeye mwenyewe kama anataka, msimtangulie.

Baba

Baba ndo anachukua mwili mochwari, anatafuta kisanduku, anakiweka kwenye mapaja yake siti ya nyuma ya gari mpaka Rombo. Wanaume wenzake wanamsaidia kuchimba na inaisha haraka kwa sababu kaburi ni fupi. Jumatatu yuko gereji. Na kila anayempigia simu anauliza "mama anaendeleaje?"

Wengi wao hawalii, wanachelewa kurudi, wanakunywa, wanagombana na wateja. Mke anaona hajali. Mume anaona mke atachanganyikiwa asipoacha kuongelea. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa anatakiwa aende na kurudi, muda fulani yuko ndani ya msiba wake, muda fulani yuko kwenye shughuli za kuendelea kuishi, na kukwama upande mmoja tu ndo kunaleta shida. Kwenye ndoa inatokea kwamba mmoja amekwama huku na mwingine kule, wanaangaliana kama maadui kumbe kila mmoja ameshika nusu. Kuna sesheni nzima zinatumika kwenye hilo tu, kumfundisha mume kukaa dakika kumi bila kutafuta suluhisho, na kumruhusu mke aende harusini bila kuona amemsaliti mtoto.

Kwa walioajiriwa, sheria ya ajira ya 2004 inampa baba siku 4 za kufiwa na mtoto, na mama ambaye mtoto wake amefariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe anapata siku 84 nyingine za likizo ya uzazi yenye malipo. Waajiri wengi hawatalitaja hilo wenyewe, kwa hiyo liulize.

Uanzie wapi

Anza ulipojifungulia, au kituo chochote cha afya kilicho karibu, sema "naomba rufaa ya afya ya akili" au uliza afisa ustawi wa jamii wa hospitali, huyo anajua njia zote. Moshi kuna KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru, hizi ni hospitali za rufaa, kwa hiyo uliza kitengo cha afya ya akili. Kama una bima uliza mapema inalipia nini. Wataalamu ni wachache na utasubiri, hilo ni kweli, ndo maana inafaa kuulizia mapema kabla hujaishiwa nguvu. Ukikaa naye mara mbili tatu ukaona anakuhubiria au anakukatiza, una ruhusa ya kuomba mwingine.

Kuna hali hazisubiri foleni. Mama asiyelala siku kadhaa mfululizo na anaongea mambo yasiyoeleweka, anayesikia sauti zinazomwamuru, baba au mama anayesema bora amfuate mtoto. Huyo mnampeleka mapokezi ya dharura siku hiyohiyo, haachwi peke yake, dawa na kamba na sumu za shambani zinaondolewa nyumbani. Na msiogope kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo.

Jambo la mwisho ni mimba inayofuata, kwa wanaoitaka. Hata aliyepona vizuri atarudiwa na hofu, hasa akifika zile wiki alizompoteza wa kwanza, na wengine hawanunui hata soksi mpaka mtoto alie. Kwenye kadi ya kliniki nesi atauliza ni mimba ya ngapi na watoto walio hai wangapi, swali linaloulizwa harakaharaka foleni ikiwa ndefu. Siku hiyo ya kwanza mwambie kilichotokea, amwandike mtoto kwenye kadi, na uombe kabisa tarehe za kuja kusikilizwa mapigo ya moyo zaidi ya wengine katika zile wiki unazoziogopa, na kama uliwahi kuwa na mtaalamu, mpigie umwambie una mimba, msisubiri uanze kukosa usingizi ndo mtafutane.